Darasa la Kuachia Kamba

Mimi ndiye niliyemwambia Hilda kwamba amechanganyikiwa. Naliweka wazi mapema, maana siku hizi kila mtu anadai alimuunga mkono tangu mwanzo. Uongo mtupu. Hakuna aliyemuunga mkono, na mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka.

Tulikuwa dukani kwangu, Makole, mimi nikiwa kwenye meza ya kukatia na yeye kwenye cherehani kubwa ya kushonea maturubai ya malori. Akaniuliza bila hata kuinua uso, "Mama Afroz, vile vipande vyeupe vilivyobaki kwenye hema la harusi, una kazi navyo?"

"Unavitakia nini?"

"Nataka kushona tanga."

"Tanga la nini, we Hilda?"

"La mtumbwi. Nataka niwafundishe watoto wa kwetu kuendesha mtumbwi kwa upepo."

Chai ilinipalia. Dodoma hii? Dodoma ambako mvua ikinyesha tunatoa nje kila beseni na kila sufuria, ambako mwezi wa saba vumbi linaingia hadi kwenye chupa ya chai iliyofungwa? "Umechanganyikiwa," nikamwambia. "Utatia nanga wapi, stendi ya Jamatini?"

Hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akageuza turubai, akasema, "Mama Afroz, nimekuuliza kama una kazi navyo. Sijakuuliza mambo ya nanga."

Huyo ndiye Hilda Chidosa. Ukimpa amri anakuangalia usoni mpaka wewe mwenyewe uanze kujiuliza umeitoa wapi. Ni Mgogo wa Chilonje, kijiji cha wakulima na wafugaji upande wa Kongwa, na ana miaka arobaini na sita. Akiwa na kumi na tisa alifuatana na mume, dereva wa lori, mpaka Mwanza. Mume akaendelea na safari zake, akamsahau huko huko. Hilda hakurudi nyumbani kulia. Alikwenda mwaloni kwa wavuvi, akaomba kazi ya kushona matanga, akaipata. Baadaye akataka kupanda mtumbwi aone mishono yake inavyovutwa na upepo. Wavuvi wakamwambia mwanamke mtumbwini ni mkosi. Akawajibu, "Mkosi wenyewe ndio umewashonea tanga. Mnaliogopa? Shukeni, nibaki nalo mimi." Wakampandisha. Miaka kumi na miwili alikaa ziwani, na aliporudi kumuuguza mama yake alikuwa anajua kuendesha mtumbwi kuliko wengi wa hao waliomwita mkosi. Mama alipofariki, akaja kuomba kazi kwangu. Yuko na mimi mwaka wa tisa sasa, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Ijumaa jioni anarudi Chilonje.

Vipande nilimpa. Nilimpa huku namcheka, lakini nilimpa.

Sasa nieleze habari ya bwawa, maana bila bwawa hakuna kesi. Chilonje wana bwawa moja, maji yake ya rangi ya chai ya maziwa, limechimbwa kwa ajili ya mifugo. Katika miaka mitano lilikuwa limechukua watoto watatu. Wa mwisho alikuwa mjukuu wa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ebenezer, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akimfuata ndama aliyenasa kwenye tope. Baada ya msiba huo kijiji kikapiga marufuku. Kibao kikasimikwa pale: MTOTO HARUHUSIWI KUSOGELEA MAJI. Kesho yake asubuhi watoto wale wale wakatumwa na madumu kwenda kuchota maji kwenye bwawa lile lile.

Jambo hilo lilimkera Hilda mpaka akawa hawezi kulisema polepole. "Mtoto anatumwa maji asubuhi, anatumwa jioni, ananywesha ng'ombe hapo, halafu anaambiwa asisogelee! Hawezi kuogelea hata hatua mbili. Kibao kitamshika mkono akizama?"

Kwa hiyo akaanza. Hakuomba ruhusa, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kila Jumamosi alikuwa akiwachukua watoto tisa, wasichana sita na wavulana watatu, anawaingiza kwenye maji ya kiunoni kuwafundisha kuelea na kuogelea. Aliwashonea vizibao vya turubai vyenye mifuko, kila mfuko una chupa tupu ya maji. Ukivaa unaonekana kituko, lakini huzami. Fundi Silvano, anayetengeneza vitanda na mikokoteni ya ng'ombe pale kijijini, akachorewa mtumbwi mchangani kwa kijiti. Akachana mbao, akaziba nyufa kwa pamba na lami, na kila siku akilalamika kwamba maisha yake yote hajawahi kutengeneza kitu kisicho na miguu wala magurudumu.

Nilikwenda kuona mwezi wa sita, kwa sababu udaku nao una nguvu zake. Mimi maji nayapenda kwenye glasi tu. Nikamkuta Hilda amewapanga watoto ukingoni, kila mmoja na ungo mkononi, wanapepeta makapi ya uwele. Nikadhani nimekosea siku.

"Hapo unafundisha nini?" nikamuuliza.

"Upepo," akasema. "Hawa wanaujua toka wana miaka mitano. Msichana wa Kigogo anayepepeta vibaya, makapi yanamrudia machoni. Mimi nawaambia tu kwamba tanga ni ungo uliosimama. Anitha! Upepo uko wapi?"

Msichana mwembamba wa miaka kumi na minne akafumba macho, akageuza kichwa taratibu mpaka masikio yote mawili yakasikia upepo sawasawa, kisha akanyoosha mkono. Alikuwa sahihi kabisa. Yaani Mwanza, Hilda akaniambia, watoto wa wavuvi walichukua majuma kulijua jambo hilo, na hawa wamelijua kwa asubuhi moja.

Nikaanza kuamini. Halafu mtumbwi ukaingia majini, na jamani, sijawahi kuona maajabu kama yale. Upepo wa kwanza wenye nguvu ukaja, mtumbwi ukalala ubavu, ukapinduka. Ukainuliwa. Mtoto wa pili akaingia, ukapinduka. Wa tatu vile vile. Wote tisa! Na kila aliyetolewa majini alitoka akikohoa, kamba ya tanga imeng'ang'aniwa mkononi.

Hilda alishika kiuno. "Nimewaambia nini? Upepo ukizidi, achia kamba! Ukiachia, tanga linapepea, mtumbwi unasimama. Ukiishika, upepo unakulaza. Mbona hamuachii?"

Wakatazamana. Anitha ndiye aliyejibu, kwa heshima zote, "Shangazi, kamba haiachiwi."

Hilda akakaa chini akacheka mpaka machozi. Mimi mtoto wa mjini ikabidi nielezwe. Hawa ni watoto wa wafugaji. Toka wanaanza kutembea wanashikishwa kamba ya ng'ombe, na sheria ni moja: maksai akichachamaa huachii. Ukiachia anaingia shamba la mtu, anavunja mkokoteni, anaumiza watu, na wewe unabaki kuwa hadithi ya kijiji. Anitha mwenyewe ana kovu refu kwenye mkono, aliburutwa na maksai wa babu yake shamba zima akiwa na miaka tisa, na hakuachia. Babu yake alikuwa akiwaonyesha wageni lile kovu. Babu huyo ndiye Mzee Ebenezer, mwenyekiti. Na yule kijana aliyezama alikuwa kaka yake Anitha.

Ndiyo. Anitha alikuwa akija kwenye masomo kwa siri.

Siri ya kijiji ina miguu mifupi sana ya kukimbia. Wiki mbili baadaye Mzee Ebenezer aliitisha mkutano, na Hilda akaniomba nifunge duka nimsindikize. Nilimwona siku ile mzee mwenyewe: mrefu, mkavu, koti la suti juu ya mgolole, fimbo mkononi. Sikumpenda. Lakini alipofungua mdomo sikuweza kumchukia pia.

"Nilimzika mmoja," akasema. "Huyu mwanamke ananichimbia kaburi la pili kwa mkono wake. Mtumbwi huo ukatwe kuni leo."

Watu wakaitikia. Hilda akasimama katikati ya watu mia mbili, hana wa kumsaidia ila mimi na pochi yangu.

"Baba, pole kwa msiba, nilikuwepo nikalia na nyie," akasema. "Lakini mjukuu wako hakufa kwa sababu alijua maji. Alikufa kwa sababu hakuyajua. Ukikata mtumbwi, bwawa utalikata kwa shoka gani? Litakuwepo kesho. Na kesho utamtuma Anitha maji."

Ebo! Kelele zilizotokea hapo! Mtendaji, Bwana Stanley, akapiga meza mpaka kalamu ikaruka. Mwishowe mzee akainua fimbo, wakatulia. Akasema Jumamosi inayofuata kijiji kizima kitakwenda bwawani. Mtumbwi uzunguke bwawa mara moja mbele ya watu. Ukirudi salama, masomo yaendelee kwa ruhusa. Ukipinduka hata mara moja, unakatwa hapo hapo, na Hilda asimguse tena mtoto wa mtu.

"Na anayeuendesha nitamchagua mimi," akasema. "Anitha."

Nilimsikia Hilda akivuta pumzi. Mzee hakuwa mjinga. Aliujua ule mkono wenye kovu kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyeufundisha.

Wiki hiyo Hilda alishona maturubai yangu vibaya kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Nilifumua mshono mzima bila kumsema. Alhamisi nikamwambia, "Hilda, ikishindikana, ujue kazi yako ipo hapa." Nilidhani namfariji. Akanigeukia kwa hasira, "Mama Afroz, kazi ninayo, najua. Mtumbwi huo ndio pekee nilioutaka mwenyewe maishani mwangu, bila kufuata mume wala kuuguza mtu. Usinizoeze kuukosa kabla haujakatwa."

Nikaomba radhi, na nilistahili kuomba.

Jumamosi ikafika na upepo wa mwezi wa saba, ule unaobeba ndoo na vifuniko vya masufuria. Kijiji kizima kilikuwa ukingoni, mpaka wauza karanga. Shoka lilikuwa limeegemezwa kwenye kile kibao cha marufuku, na lilikuwa limenolewa. Anitha alivaa kizibao chake cha chupa, akamwamkia babu yake, "Shikamoo babu." Mzee akaitika bila kumtazama. Hilda alimwambia msichana neno moja sikioni, basi, akamwachia aende.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri, mpaka wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Kile kitambaa changu cha harusi kilijaa upepo, mtumbwi ukawa unakata maji, na mimi, ambaye nilicheka, nikajikuta nasimama juu ya ndoo ya mtu ili nione vizuri. Alipofika katikati, upepo ukashuka kutoka kilimani ukiwa na vumbi lake. Tuliuona ukikimbia juu ya maji kabla haujamfikia. Mtumbwi ukalala. Maji yakaanza kuingia upande mmoja.

Kijiji kizima kikapiga kelele kwa sauti moja, "Shika kamba!"

Watu mia mbili! Baba zake wadogo, mama zake wakubwa, watoto wa shule, mchungaji wa kanisa. "Shika kamba, Anitha! Usiachie!" Na sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Mzee Ebenezer, iliyopasuka kwa woga, maana hapo hakuwa mwenyekiti tena, alikuwa mtu anayemwona mtoto wa pili akienda. "Mjukuu wangu, usiachie!"

Hilda peke yake hakupiga kelele. Alisimama na mikono imeshikana mbele, midomo imefungwa. Nikamtikisa, "Mwambie aachie!" Akasema, "Nilishamwambia. Sasa ni yeye."

Na yule mtoto akaachia. Mbele ya ukoo wake wote na mbele ya babu yake, akafungua mkono, kamba ikaruka, tanga likapepea kwa kishindo, na mtumbwi ukasimama wima. Akakaa akingoja, ametulia. Upepo ulipopungua akaiokota kamba, akaivuta polepole, akageuza, akarudi mpaka miguuni petu.

Nililia, sifichi. Lakini ukingoni watu waliinamisha nyuso kwa aibu. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Ameachia. Mjukuu wa Ebenezer ameachia kamba." Mwingine akasema amebahatisha. Sijui kilichomsumbua mzee zaidi kilikuwa hofu au fedheha. Akatupa fimbo chini.

"Kamba haiachiwi," akasema. "Mtu mzima akiishika haitamshinda. Nipisheni."

"Bila kizibao hupandi, Mwenyekiti," Hilda akasema, "hata ungekuwa waziri." Akamfunga kizibao cha chupa juu ya lile koti la suti, mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Wakapanda mtumbwi, babu kashika kamba ya tanga, Anitha kashika usukani. Hawakufika mbali. Upepo wa pili ulipokuja, tulimsikia msichana waziwazi, "Babu, achia! Achia, babu!" Na mzee akaegemea nyuma, akakaza miguu kwenye ubavu wa mtumbwi, akavuta kamba kwa nguvu zote alizobaki nazo, kama anavyomzuia maksai. Wote wawili wakaingia majini, na kitambaa cha harusi kikalala juu ya bwawa.

Wanawake wakaweka mikono kichwani. Vijana wakataka kuruka, Hilda akawazuia, "Tulieni! Mwenye mtumbwi yupo."

Vile vichwa viwili vilikuwa vinaelea. Anitha akazunguka mtumbwi kwa kuogelea, akapanda juu ya ubao wa chini unaotokeza, akashika ukingo, akaning'inia kwa uzito wake wote. Haukuinuka. Akajaribu tena. Haukuinuka, kwa sababu mzee huku upande wa pili, maji yamemfika kidevuni, bado alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, na tanga limebanwa chini ya maji.

"Babu!" msichana akaita, na sasa hakuwa anaomba. "Ukishika hauinuki. Achia kamba, ushike mtumbwi!"

Sijui alifikiria nini pale, kwenye maji yaliyomchukua mjukuu wake wa kwanza. Tulichoona ni mkono mmoja ukitoka majini ukiwa mtupu, kisha wa pili. Akashika ubavu wa mtumbwi. Anitha akaning'inia, tanga likatoka majini likichuruzika, mlingoti ukasimama. Akapanda, akamvuta babu yake kwa kola ya koti, akaanza kutoa maji kwa dumu lililokatwa. Kisha akamleta ukingoni polepole, kamba mkononi mwake.

Mzee Ebenezer alishuka mwenyewe. Alikuwa amelowana kila mahali, chupa zimemtoka mifukoni, kofia imebaki bwawani. Bwana Stanley akakohoa. Watendaji wanapenda sana kilichoandikwa.

"Mwenyekiti," akasema, na shoka tayari lilikuwa mkononi mwake, "tulikubaliana. Ukipinduka hata mara moja. Umepinduka."

Watu wote wakamtazama mzee. Hilda alikwenda akasimama kati ya Stanley na mtumbwi, na mimi na pochi yangu nikaenda nikasimama naye. Silvano akaja na nyundo yake. Kisha wale watoto wanane wakaja, na vizibao vyao vya kituko.

Mzee Ebenezer akajifuta uso kwa mgolole uliolowa. "Nimeupindua mimi," akasema. "Mtoto kaniambia niachie mara mbili, nikamkatalia. Mtoto yule hajapinduka." Akanyoosha mkono kwa Stanley. "Shoka hilo ni langu. Lete."

Akalichukua. Akageuka, akakata kile kibao cha marufuku kwenye shina, mapigo manne, kikaanguka. Akaliweka shoka begani na kuanza kupanda kuelekea kwake bila kumuaga mtu, maji yakimchuruzika.

Mwingine angemshukuru, angemwacha mzee wa watu aende na heshima yake. Lakini nimeshawaambia Hilda ni nani.

"Mwenyekiti!" akamwita. Mzee akasimama. "Jumamosi uje saa nne kamili. Darasa la kwanza ni la kuachia kamba, na leo umelifeli."

Nikafumba macho. Nilijua shoka linarudi.

"Saa nne nanywesha ng'ombe," Mzee Ebenezer akasema bila kugeuka. "Nitakuja saa tano. Na chupa za kizibao changu ziongezwe, mimi ni mzito."